Nani Kasema Mfumo Umegoma?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mtumishi wa umma, kituo changu kiko kisiwa cha Pate, hapa Lamu. Mshahara wa mwezi wa sita tuliupata mwezi wa nane ukiwa umeshaanza. Kila tukiuliza, jibu ni lile lile: mfumo wa mishahara ni wa zamani, umegoma. Sasa tunaambiwa tuvumilie, mfumo mpya uko njiani na shida zote zitakwisha. Mwenzangu aliyeko Malindi naye ameambiwa mfumo umegoma, ila kwake unaolaumiwa ni huo mpya. Juu ya hayo, kuna mkopo niliokwisha kuulipa na bado nakatwa. Je, ni kompyuta kweli ama twachezewa shere? Na huo mfumo mpya niutegemee kwa lipi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Umeuliza maswali mawili ukidhani ni moja, na waliokujibu ofisini bila shaka wamefurahi kuyaacha yamechanganyika. Mshahara wa watu wote kuchelewa zaidi ya mwezi ni jambo moja. Wewe peke yako kukatwa mkopo uliokwisha ni jambo jingine kabisa. La kwanza aghalabu halina uhusiano na kompyuta ya mishahara. La pili linao, ila hata huko, ukifuatilia vizuri, utamkuta mtu ambaye hakuandika alichopaswa kuandika. Mwajiri wako sitamtaja, wala sijui yaliyotendeka ndani ya ofisi yake. Nitakueleza namna mambo haya yanavyokwenda, kisha utapima mwenyewe.

Mshahara wa mtumishi wa umma hapa Kenya hupitia mifumo zaidi ya mmoja. Ofisa akikwambia mfumo umegoma bila kutaja ni upi, bado hajakujibu.

Kuna mfumo unaopiga hesabu. Kwa miaka mingi huo umekuwa IPPD, hifadhi ya taarifa za wafanyakazi na mishahara iliyotumiwa na serikali ya taifa kabla ya ugatuzi, na ambayo kaunti ziliirithi mwaka 2013. Humo mna namba yako ya utumishi, daraja lako, mshahara wa msingi, posho ya nyumba, posho ya mazingira magumu ambayo nyinyi wa visiwani mnaijua vyema, na makato yote: kodi ya mapato, NSSF, bima ya afya ya SHIF ya asilimia 2.75, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, chama chako cha akiba na mikopo, mkopo wa benki. Kazi yake kila mwezi ni kujumlisha, kutoa, kisha kutema orodha inayosema fulani apewe kiasi hiki katika akaunti hii. Basi. Ndani ya IPPD hamna hata shilingi moja.

Fedha ziko kwingine. Kama mwajiri wako ni kaunti, Hazina ya Taifa inapaswa kwanza kupeleka mgao kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti ulioko Benki Kuu. Kutoka hapo hazitoki mpaka Mdhibiti wa Bajeti aidhinishe; ndivyo Katiba inavyosema katika kifungu cha 207. Naye Mdhibiti haidhinishi kwa sababu gavana ana haraka. Huangalia kama bunge la kaunti limepitisha bajeti na kama maombi yameambatana na hati zinazotakiwa. Baada ya hapo matumizi huingizwa kwenye IFMIS, mfumo wa bajeti na malipo ya serikali, ndipo fedha ziende benki za biashara na hatimaye kwako. Katika safari yote hiyo, kile kikokotoo cha mishahara kilimaliza kazi yake siku ya kwanza kikakaa.

Sasa tazama mwezi wenyewe. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni. Mwaka wa zamani unafungwa kwenye IFMIS, bajeti mpya inapaswa kupakiwa, na kama wawakilishi wa wadi na gavana wanavutana, hakuna bajeti ya kupakia. Mshahara wa Juni ukikosa kutoka kabla ya mlango kufungwa, huangukia kwenye mwaka mpya ambao pengine haujafunguliwa. Kila mhasibu wa serikali anayajua haya, na yanakuja kila mwaka kwa tarehe ile ile. Gharika ya mvua tunaweza kusema imetushtukiza. Tarehe 30 Juni haijawahi kumshtukiza mtu.

Halafu kuna mivutano ya Nairobi yenyewe. Mwaka 2019 Bunge la Taifa na Seneti walishindana juu ya mgao wa kaunti hadi mwezi wa Septemba. Mwaka 2020 maseneta walikutana mara baada ya mara wakishindwa kuafikiana juu ya fomula ya kugawa fedha, na suluhu ikapatikana katikati ya Septemba, huku kaunti zikitishia kufunga ofisi. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipoondolewa baada ya maandamano ya vijana, mgao wa kaunti uliokuwa bilioni 400 ukapunguzwa hadi takriban bilioni 387, baada ya vuta nikuvute nyingine ndefu. Katika yote hayo hakuna programu iliyoharibika. Kaunti kama Lamu, ambayo hupata fungu dogo kuliko zote 47, haina akiba ya kujikinga mgao ukichelewa.

Njia ya kujipimia ni hii. Itazame hati yako ya mshahara ya mwezi wa sita. Kama ilikuwa imeshatoka, au ilionekana kwenye GHRIS, tovuti ya serikali ya watumishi kutazamia hati zao, kabla fedha hazijaingia benki, basi mfumo wa mishahara ulifanya kazi yake kwa wakati. Ulijua wewe ulipwe nini na ukatwe nini. Kilichokosekana ni fedha, au saini, au bajeti. Kama hati yenyewe haikutoka kabisa mpaka Agosti, hapo naweza kusikiliza habari za mfumo kugoma, ingawa bado nitauliza uligoma tarehe ngapi, nani aliandika ripoti, na fundi aliitwa lini. Mfumo ukigoma kweli huacha alama: barua, namba ya malalamiko, tarehe. Usio na alama umegoma midomoni.

Kwa nini basi lawama ziende kwa kompyuta? Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Karani wa mishahara hawezi kukwambia kwamba wakubwa hawajaelewana, atahamishwa. Mkubwa naye hapendi kusema kwamba aliajiri watu wengi kuliko bajeti inavyoweza kubeba, ilhali kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kompyuta haina chama cha siasa, haina ukoo, haipigi kura, wala haitaitisha waandishi wa habari kujitetea. Ukiitupia lawama hakuna atakayenuna.

Wala usidhani ni mchezo wa kwetu tu. Naona kisa cha California, Marekani, kinafundisha zaidi ya vyote, kwa sababu huko mambo yaligeuzwa: mfumo mkongwe ulitumika kuwakinga wafanyakazi. Mwishoni mwa Julai 2008, bajeti ya jimbo ikiwa imekwama, Gavana Arnold Schwarzenegger aliamuru watumishi wa jimbo wapatao 200,000 walipwe kima cha chini cha mshahara cha serikali ya shirikisho, dola 6.55 kwa saa, mpaka bajeti ipite, kisha walipwe salio lao. Mdhibiti wa Fedha wa jimbo, John Chiang, ambaye naye amechaguliwa na wananchi na ni wa chama kingine, akakataa. Alikuwa na sababu za kisheria, lakini iliyovuma ni ya kompyuta: mfumo wa mishahara ni wa miongo mingi iliyopita, umeandikwa kwa lugha ya COBOL, na kuubadilisha ili ukate mishahara ya watu wote kwa namna hiyo kungechukua miezi mingi, na kuirudisha kungechukua muda mrefu zaidi.

Watu walicheka. Kompyuta gani inashindwa kupunguza namba? Mimi sikucheka, kwa sababu alichosema kina ukweli ndani yake. Mshahara hauko kwenye tarakimu moja unayoifuta na kuandika nyingine. Kuna wanaolipwa kwa saa na wanaolipwa kwa mwezi, wenye zamu za usiku, walio likizo ya uzazi, wasiohusika na agizo kwa mujibu wa mkataba wa chama chao, wenye amri ya mahakama ya kutunza watoto ambayo lazima ikatwe hata mshahara ukiwa mdogo. Kila mmoja ana kanuni yake, na kila kanuni iliongezwa mwaka fulani na mtu fulani ambaye pengine ameshastaafu. Kuzigusa zote kwa wakati mmoja ni hatari. Hata hivyo Chiang naye alikuwa mwanasiasa, na uzee wa kompyuta ulimfaa. Mgogoro ulirudi tena mwaka 2010, ukaenda mahakamani. Jimbo hilo hilo, wakati huo huo, lilikuwa likijenga mfumo mpya kupitia mradi ulioitwa 21st Century Project. Februari 2013 mkataba na kampuni ya SAP ukavunjwa baada ya majaribio kuwatolea watu malipo yenye makosa. Fedha zilizokwisha kutumika zilizidi dola milioni 250. Ule mfumo mkongwe uliotukanwa ukaendelea kulipa watu.

COBOL, ikiwa jina hilo ni geni kwako, ni lugha ya kuandikia programu iliyobuniwa mwaka 1959 kwa ajili ya hesabu za biashara na serikali. Ni kongwe kweli. Lakini programu haiozi kama mbao. Kinachochakaa ni mashine inayoibeba, ambayo hubadilishwa, na watu wanaoielewa, ambao hawabadilishwi kwa urahisi. Ukiona serikali inalalamika kwamba programu yake ni ya zamani, uliza ilitenga kiasi gani kila mwaka cha kuitunza na ilifundisha vijana wangapi. Jahazi lisilotiwa kalafati halivuji kwa sababu ya umri.

Twende Canada, maana ndiko aliko pacha wa yule mwenzako wa Malindi. Serikali ya huko ilikuwa na mfumo wa mishahara wa miaka 40 hivi. Mwaka 2009 chini ya Waziri Mkuu Stephen Harper ulianzishwa mpango wa kuubadilisha, na ahadi ikawa kuokoa dola milioni 70 za Canada kila mwaka. Njia ya kuziokoa ilikuwa kuwaondoa washauri wa mishahara wapatao 1,200 waliokuwa wametapakaa katika wizara mbalimbali, na kazi nyingi kuzikusanya katika kituo kimoja kwenye mji mdogo wa Miramichi. Mfumo mpya ukaitwa Phoenix, ukajengwa na kampuni ya IBM juu ya programu ya PeopleSoft, ukawashwa Februari 2016. Kufikia hapo serikali ilikuwa imebadilika, Justin Trudeau ameshika madaraka miezi michache tu.

Kilichofuata sitakisahau. Watu wakalipwa pungufu, wengine wakalipwa zaidi kisha wakadaiwa, wengine hawakulipwa chochote. Kufikia katikati ya mwaka 2017 watumishi zaidi ya 150,000, karibu nusu ya wote, walikuwa na malalamiko ya mshahara yanayosubiri. Kuna waliopoteza nyumba. Na kila upande wa bunge ukawa na kompyuta yake ya kulaumu: hawa wakasema tatizo ni waliowafuta kazi wataalamu, wale wakasema tatizo ni waliobonyeza kitufe kabla mambo hayajaiva. Wote wawili walikuwa na haki, na ndiyo maana hakuna aliyeadhibiwa kisiasa ipasavyo.

Mkaguzi Mkuu wa huko, Michael Ferguson, alichimba zaidi, na ripoti yake ya mwaka 2018 ndiyo ningependa isomwe na kila katibu wa kaunti. Alikuta kwamba wasimamizi wa mradi, walipobanwa na bajeti na muda, waliondoa au waliahirisha zaidi ya shughuli 100 kati ya 984 ambazo mfumo ulipaswa kuzifanya, ikiwemo uwezo wa kukokotoa malimbikizo ya nyuma. Majaribio ya wizara moja kwanza kabla ya zote yakafutwa. Na hakuna mtu huru aliyewekwa wa kuwaambia wakubwa kwamba chombo hakiko tayari. Hayo ni maamuzi. Yalifanywa na watu wenye vyeo, kwenye mikutano yenye kumbukumbu, na ndiyo yaliyoacha watumishi bila mishahara. Hata umri wa mfumo uliotangulia haukuwa na nafasi katika orodha ya makosa yake. Ule mzee alikuwa akilipa vizuri mpaka siku alipozimwa.

Kisa cha Queensland, Australia, kinafanana mno, nitakipitia mbio. Machi 2010 idara ya afya ya jimbo ilihamisha wafanyakazi wapatao 78,000 kutoka mfumo wa zamani, LATTICE, kwenda mpya. Wauguzi na madaktari wakakosa mishahara. Serikali iliyokuwepo ikapatana na IBM nje ya mahakama. Serikali iliyofuata ikaunda tume, gharama ikakadiriwa kufika dola bilioni 1.2 za Australia, ikaishtaki kampuni, na ikashindwa, kwa sababu mapatano yale ya awali yalikuwa yameshaifungua kampuni minyororo. Tume ilikuta ukurasa baada ya ukurasa wa haraka isiyo na sababu na wakubwa wasiouliza maswali.

Nigeria nako kuna la kujifunza, tena la karibu nasi zaidi. Mfumo wao wa IPPIS, ulioanza mwaka 2007, haukuwa mkongwe wala haukuharibika sana. Wahadhiri wa vyuo vikuu walioingizwa humo walilalamika kwamba hauelewi likizo zao za utafiti, wala wanaofundisha vyuo viwili, wala posho zao. Serikali ikasema wanaukataa kwa sababu wanaogopa kuonekana. Chama chao, ASUU, kikatengeneza mfumo wake kikauita UTAS. Migomo ya mwaka 2020 na 2022 ilikuwa na hoja hiyo ndani yake. Desemba 2023 serikali ikakubali vyuo vitoke. Humo mlikuwa na ugomvi wa nani amtawale nani, umevishwa nguo za kompyuta.

Sasa nisionekane nautetea mfumo wetu wa zamani kupita kiasi. Una kasoro, na kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni watu walio nje yake. Mdhibiti wa Bajeti katika ripoti zake juu ya kaunti amekuwa akilalamika, ripoti baada ya ripoti, kwamba sehemu ya mishahara hulipwa kwa orodha za mkono. Wafanyakazi wa vibarua, wa mikataba, walioajiriwa bila kupewa namba ya utumishi, wote huandikwa kwenye jedwali la Excel ambalo karani mmoja analibeba kwenye kompyuta yake. Jedwali hilo halimuulizi mtu kitambulisho. Ukiongeza mstari mmoja hakuna mlio. Hapo ndipo wafanyakazi hewa hupata nyumba. Mimi naliogopa jedwali la Excel lenye majina 300 kuliko IPPD yenye majina 3,000.

Hata ndani ya mfumo rasmi, wizi huingia kwa mlango wa watu. Sakata la Huduma ya Vijana kwa Taifa la mwaka 2015, lililohusu shilingi milioni 791, lilileta habari za maneno ya siri ya maafisa kutumiwa na watu wengine kwenye IFMIS. Kila mtu akaisema IFMIS. Nenda ofisi nyingi leo ukaangalie: neno la siri la bosi limeandikwa kwenye karatasi ndogo na kubandikwa pembeni mwa kioo, kwa kuwa bosi hataki kusumbuliwa kila saa. Hakuna programu duniani itakayolizuia hilo.

Jirani zetu wa Tanzania walipoanza uhakiki mwaka 2016 waliondoa wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000, na mwaka uliofuata wakawakuta watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Mfumo wao wa kompyuta wakati huo haukuwa mkongwe. Waliogundua ni watu waliofungua majalada na kulinganisha vyeti. Hiyo ni kazi ya vumbi na macho.

Umeuliza utegemee nini kutoka mfumo mpya. Serikali ya taifa imekuwa ikihamisha taarifa za watumishi kutoka IPPD kwenda mfumo unaoitwa HRIS-Ke, na wazo lake ni zuri: ajira, uhamisho, kupandishwa cheo na mshahara vikae pamoja badala ya kila kimoja kuishi kwenye jalada lake. Likitekelezwa vizuri, wewe ukihamishwa kutoka Malindi kwenda Pate tarehe 12, posho yako ya mazingira magumu haitasubiri barua isafiri kwa basi, kisha kwa boti, kisha ilale kwenye trei ya mtu aliye likizo. Hiyo ni nafuu ya kweli.

Lakini kuhama kwenyewe ndiko kwenye hatari, na hapo mwenzako wa Malindi huenda ana kisa tofauti na chako. Taarifa chafu zikihamishwa hufika zikiwa chafu. Kaunti zetu zilirithi mwaka 2013 watumishi wa halmashauri za zamani, waliokuwa na mfumo wao wa LAIFOMS na viwango vyao, pamoja na watumishi wa wizara zilizogatuliwa, wakiwemo wa afya, waliokuja na viwango vingine. Tarehe za kuzaliwa zilizokosewa, majina yaliyoandikwa kwa herufi tofauti kwenye kitambulisho na kwenye barua ya ajira (nyinyi akina Mwanaisha na Mwanaesha mnajua adha yake), akaunti za benki zilizofungwa. Mfumo wa zamani ulikuwa umezoea uchafu huo na makarani walijua pa kupita. Mfumo mpya utakataa, na mshahara utakwama. Hapo mfumo utalaumiwa, ilhali umekataa kwa sababu nzuri.

Kwa hiyo siku wakubwa wakija kuwatangazia, uliza kwa adabu kama mifumo miwili itaendeshwa sambamba kwa miezi kadhaa na matokeo kulinganishwa jina kwa jina kabla wa zamani kuzimwa. Huo ndio utaratibu unaotakiwa, na ndio ulioachwa na wenye haraka. Uliza pia ni nani atakayejibu simu mtu akilipwa pungufu, yuko Mokowe hapo hapo Lamu au Nairobi, na kama makarani wenu wa sasa wataendelea kuwepo. Canada waliwaondoa kwanza, wakaanza kuwatafuta baadaye kwa gharama kubwa.

Tuje kwenye mkopo wako, ambao nimeuacha mwisho kwa kuwa una mtego.

Makato ya mkopo huingizwa kwenye orodha ya mishahara kwa namna mbili: yakiwa na salio linalopungua, au yakiwa kiasi cha kudumu kisicho na mwisho mpaka mtu aje akisitishe. Karani akichagua ya pili, kompyuta itakukata mpaka siku ya kustaafu bila kuona vibaya. Ofisi ya mishahara haitasitisha kwa neno lako; inataka barua ya mkopeshaji. Kwa hiyo nenda kwa mkopeshaji uchukue barua ya kumaliza deni na ya kusitisha makato, uipeleke mapema mwezi unapoanza, kwa maana orodha hufungwa siku nyingi kabla ya mshahara kutoka, na usiondoke bila nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Zilizokatwa zaidi, kama zilimfikia mkopeshaji, yeye ndiye wa kukurudishia.

Mtego ni huu. Huenda mkopeshaji akakwambia hujamaliza. Kwa hesabu ya hati zako za mshahara umemaliza, kwa hesabu yake kuna miezi hukulipa. Hapo tatizo litakuwa limeiacha kompyuta kabisa: ulikatwa, lakini mwajiri hakuziwasilisha. Jambo hili limevisumbua vyama vingi vya akiba na mikopo vyenye wanachama watumishi wa kaunti. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamtaka mwajiri anayekata fedha kwa ajili ya mtu wa tatu aziwasilishe kwa wakati, na hiyo hiyo inakataza makato yote kwa jumla kuzidi theluthi mbili ya mshahara wako. Kwa hiyo kabla hujagombana na mtu, omba taarifa kamili ya mkopo kutoka kwa mkopeshaji, kaa chini na hati zako zote za mshahara tangu mkopo ulipoanza, na uweke tiki mwezi kwa mwezi. Ukipata mwezi ambao hati inasema umekatwa na taarifa ya mkopeshaji inasema hakuna kilichoingia, uandike pembeni.

Ukiwa na orodha hiyo, mwandikie mwajiri ukitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, uombe tarehe ambazo makato ya miezi hiyo yaliwasilishwa na namba za malipo hayo. Ana siku 21 za kukujibu. Katika barua hiyo hiyo uliza na ya Juni: maombi ya fedha za mishahara yalipelekwa kwa Mdhibiti wa Bajeti tarehe ngapi, na yaliidhinishwa tarehe ngapi. Asipojibu, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko bila malipo. Nakala mpe katibu wa tawi la chama chenu cha wafanyakazi, na kama wenzako wa kituo wana miezi iliyokosekana kama yako, andikeni barua moja yenye majina yote.